Uyoga mgumu wa msituni: fukua, geuza, ndipo utafute jina

Masika ya mwaka jana nilikuwa napalilia iliki katika shamba la mjomba wangu, upande wa Amani huku Usambara Mashariki, jembe likagonga kitu kigumu. Nilidhani ni kisiki. Nilipoondoa majani nikakuta uyoga: kofia yake pana kama kisosi, kahawia iliyofifia, ngumu kama kifuu cha nazi, na chini yake kikonyo cheusi cha urefu wa shubiri. Haukuota kwenye gogo. Ulisimama udongoni, hatua nne kutoka kisiki cha msambu ulioangushwa na upepo zamani.

Natembeza wageni katika misitu hii, na uyoga mgumu wa kwenye miti nauona kila siku, ule unaotokeza ubavuni mwa shina kama sikio. Huu wa kusimama udongoni sikuwa nimewahi kuushika. Ilinichukua karibu wiki mbili kuupatia jina ninaloweza kulitetea. Nawaeleza njia niliyopita, kwa kuwa inafaa kwa uyoga wowote wa jamii hii, yaani uyoga mgumu wenye matundu chini ya kofia, utakaokushangaza.

Usiung'oe. Hili nalisema kwa msisitizo, maana wengi wakiona uyoga mkono unatangulia. Ukivuta, kikonyo kinakatika na jibu linabaki ardhini. Mimi nilichukua ncha ya panga, nikachimba pembeni taratibu, kisha nikamalizia kwa vidole. Kikonyo kilikuwa kimezama chini karibu urefu uleule uliokuwa juu, kikizidi kuwa chembamba, hadi kwenye mzizi uliooza, mnene kama kifundo cha mkono. Kumbe uyoga "wa udongoni" ulikuwa wa mti, ila mti wenyewe umefichwa.

Huo mzizi uchunguze. Kama mti umeoza ukawa mweupe, unyevunyevu, na unachanika nyuzinyuzi kama katani, uyoga wako ni wa kundi linalokula hata kile kigumu kinachoupa mti nguvu. Kama umekuwa kahawia na unapasuka vipande vya pembe nne vinavyosagika kuwa unga, hilo ni kundi jingine, na utafutaji wako ubadilike papo hapo. Wangu ulikuwa mweupe wa nyuzi. Piga picha ya mzizi, andika ni mti gani kama unajua, na kama hujui omba mzee anayejua miti aje auone. Mjomba ndiye aliyeutambua ule wa msambu kwa kisiki tu.

Sasa geuza. Watu hupiga picha ya juu wakaondoka, na juu ndiko kunakodanganya zaidi. Chini ya kofia utakuta mojawapo ya mambo machache. Mapazia membamba kama kurasa mara nyingi yanaonyesha kwamba umeshatoka nje ya jamii hii. Matundu makubwa yenye pembe, kama sega la nyuki, huenda ni Hexagonia, na hiyo huhitaji lenzi kuiona. Rangi nyekundu ya chungwa juu na chini ni Trametes sanguinea, uyoga wa kawaida kwenye magogo yanayopigwa jua. Nyama ya rangi ya kutu, ngumu kama ubao, yenye tabaka za miaka kadhaa, ielekeze kwenye Phellinus na ndugu zake. Na kama una kikonyo lakini kofia ni nyembamba kama karatasi ngumu, imebonyea kama faneli, ina miduara ya kahawia na mguu wa njano, hiyo ni Microporus xanthopus. Hiyo utaipata kwenye vijiti vilivyoanguka karibu kila unapokanyaga, hivyo usijisumbue.

Wangu haukuwa mmojawapo. Matundu yalikuwa madogo mno, kijivu, yakionekana kwa mbali kama uso laini. Niliweka rula ya shule juu yake, nikapiga picha kwa simu karibu kabisa, nikaikuza kwenye kioo na kuhesabu kati ya mistari miwili ya milimita: matano. Rudia mahali patatu, maana ukingoni matundu hubana. Nikakwaruza kwa ukucha, pakageuka kahawia.

Hapo nikajiridhisha mapema. Nilisema ni Ganoderma, kundi la uyoga mgumu linalotafutwa kama dawa, kwa sababu Ganoderma nayo ukiikwaruza chini hugeuka kahawia, na nyingine huwa na kikonyo. Nikamwambia mjomba, naye akamwambia jirani. Baada ya siku mbili akaja mnunuzi wa dawa za asili kutoka mjini, akitaka niuchimbe wote, akidai kila uyoga mgumu wenye kikonyo ni dawa ileile inayochanganywa na kahawa. Nilikataa, na kilichoniuma ni kwamba jina la haraka nililolitoa mimi ndilo lililomleta. Kwa hiyo naomba: usimpe mtu jina ambalo hujalipima, na usionje wala kuchemsha uyoga kwa kutegemea picha.

Kilichonirudisha kwenye kazi ni maana ya majina yenyewe. Ganoderma, jina lililotolewa na mtaalamu wa uyoga Karsten mwaka 1881, linatokana na Kigiriki na maana yake ni ngozi inayong'aa. Kofia nyingi za kundi hilo kweli hung'aa kama meza iliyopakwa vanishi. Mwaka 1905 mtaalamu mwingine, Murrill, alitoa jina jingine kwa jamaa zao, Amauroderma: ngozi iliyofifia. Nikauangalia uyoga wangu tena. Ulikuwa umefifia kabisa, hata nilipoulowesha maji. Lakini mng'ao peke yake si ushahidi, kwani zipo Ganoderma zisizong'aa. Nilihitaji unga wake.

Unga wa uyoga ndio mbegu zake, na kuupata ni rahisi. Kata kipande cha kofia kikiwa kibichi, kilaze matundu yakitazama chini juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli, uache usiku kucha. Usipotoka usiku wa kwanza, weka tone la maji juu ya kofia, subiri wa pili. Unga wa Ganoderma huwa kahawia kama mdalasini uliosagwa, na porini huuona umemwagika hadi juu ya kofia yenyewe na majani ya jirani. Wangu ulitoka hafifu, wa njano ya kufifia, na juu ya kofia hapakuwa na kitu.

Nikaupeleka kwa mwalimu wa baiolojia mwenye darubini. Kwa ukuzaji wa mara 400 tofauti inaonekana wazi. Mbegu ya Ganoderma ina umbo la yai lililokatwa ncha moja, na ukuta wake ni wa tabaka mbili. Zangu zilikuwa na tabaka mbili vilevile, lakini zilikuwa duara, hazina ncha iliyokatwa. Mwalimu alinisogezea kiti nione mwenyewe. Kikonyo kirefu, mzizi uliofukiwa, ngozi iliyofifia, mbegu za duara: Amauroderma.

Hapo nikasimama. Ndani ya Amauroderma kuna spishi kadhaa Afrika, na kuzitenganisha kunataka vipimo vya mbegu na nyuzi za ndani. Leif Ryvarden wa Norwei na Inger Johansen walichapisha kazi juu ya uyoga wa matundu wa Afrika Mashariki mwaka 1980, na wataalamu bado huanzia humo. Jina la jenasi, yaani la kundi zima la spishi za karibu, lenye ushahidi linanitosha kuliko la spishi nililolibahatisha.

Ukitaka mtaalamu aendelee ulipoishia, mpe sampuli nzuri. Kausha juu ya wavu, moto wa mkaa ukiwa umetulia, joto ambalo mkono wako unalivumilia. Funga kwa gazeti, kamwe si kwa mfuko wa nailoni, utaota ukungu. Andika tarehe, mahali, mti, na rangi ulizoziona ukiwa mbichi, kwa sababu zikikauka hazirudi. Ndani ya hifadhi usikate chochote bila kibali. Mimi nilikuwa shambani kwetu.

Uyoga ule pale shambani ulikuwa mitatu. Nilichukua mmoja, miwili nikaifunika tena kwa majani. Masika haya nimekuta mwingine mchanga umetokeza karibu na hapo, ncha yake bado nyeupe, na mjomba amezungushia vijiti ili wapaliliaji wasiukanyage.