SOMO: Kupachika kempa ya zamani kwenye pikapu ndogo (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, salaam. Kila majira ya joto yakikaribia inboksi yangu inajaa swali moja: "Nimeona kempa ya zamani inauzwa bei poa, nina Tacoma, itaingia?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Naongelea zile kempa, yaani vijumba vya kulala safarini, za Marekani na Canada za miaka ya 70 na 80 zisizo na matairi yake, zinazokaa juu ya bodi ya pikapu (sehemu ya kubebea mizigo) huku sehemu ya kulala ikipita juu ya kebini. Pikapu ndogo ni Tacoma, Ranger, Frontier, Colorado na wenzao.

"Itaingia?" ni swali dogo. Swali lenyewe ni uzito wake unaangukia wapi. Kempa inaweza kuingia kwenye bodi sawasawa kabisa na bado isifae kutoka nje ya geti.

Hatua ya 1. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kile kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja. Hiyo ndiyo namba ya gari lako, usichukue ya jirani wala ya kwenye brosha. Tacoma nyingi za milango minne utakuta pauni 1,000 hadi 1,300 hivi. Toa uzito wako, wa mwenzako, wa watoto, na wa kila ulichofunga baadaye kama bampa la chuma au winchi. Kinachobaki ndicho cha kempa.

Hatua ya 2. Tafuta uzito wa kweli wa kempa. Muuzaji atakutajia uzito mkavu, yaani bila maji, bila gesi, bila godoro wala sufuria. Galoni moja ya maji ni pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 20 peke yake ni pauni 166. Mtungi wa gesi wa pauni 20 ukijaa unafika kama pauni 37, kwa sababu na chuma chake kina uzito. Halafu kuna maji ambayo hakuna aliyeyaweka: kempa hizi zina fremu ya mbao ndani, na mbao iliyonyonya mvua miaka mingi ni nzito na haina nguvu. Panda sehemu ya kulala, bonyeza kwa kidole gumba ukuta ulio chini ya dirisha la mbele na pembe zote mbili. Ukibonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai, shuka na uage.

Hatua ya 3. Chukua futikamba. Pima upana kati ya matuta ya tairi ndani ya bodi. Kempa za pikapu kubwa kwa kawaida zina sakafu ya inchi 48, upana wa bao zima la plaiwudi. Kwenye Tacoma nyingi nafasi hiyo ni kama inchi 41 na nusu. Hapo hakuna mjadala, tafuta iliyotengenezwa kwa pikapu ndogo. Ziliundwa nyingi enzi za Datsun na Toyota za zamani, bado zipo.

Kisha pima kimo. Pikapu za zamani zilikuwa na bodi isiyo na kina na kebini fupi. Za sasa zimepanda. Kwa hiyo kempa ya 1982 inaweza kugota juu ya kebini kabla sakafu yake haijagusa bodi. Acha angalau inchi 2 juu ya paa la kebini, maana barabarani kempa na kebini havichezi pamoja. Nafasi isipotosha, tengeneza jukwaa la kuinulia: bao gumu la povu la kujengea, juu yake plaiwudi ya nusu inchi, lienee bodi nzima. Usiweke vipande viwili vya mbao pembeni ukaita jukwaa, vitatoboa sakafu ya kempa. Ila kila inchi unayopandisha inapeleka uzito juu zaidi, na kwenye kona utaisikia.

Hatua ya 4. Kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ukiitegemeza kempa ingelingana mbele na nyuma bila kuinama. Hapa tulieni. Hatua hii mimi niliiruka kwenye kempa yangu ya kwanza, na ndiyo sababu ya somo hili.

Kitovu cha uzito cha kempa lazima kiwe mbele ya ekseli ya nyuma. Si juu yake, si nyuma yake, mbele. Kikiwa nyuma, kempa inageuza pikapu kuwa mzani: mkia unashuka, pua inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika matawi ya miti, na matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanafanya kazi kubwa ya breki, yanapoteza mshiko. Ukiwa unazunguka mtaani kwako hutagundua. Utagundua kwenye mteremko mrefu wenye lami iliyolowa, na hapo ni kuchelewa.

Pikapu ndogo zina hatari zaidi kwa sababu nyingi zina bodi ya futi 5. Kempa ya futi 7 au 8 inaning'inia nje, na watengenezaji wa zamani walipenda kuweka friji na tangi la maji nyuma karibu na mlango. Fungua makabati yote, angalia kila kizito kimekaa upande gani.

Namna ya kupima ni rahisi, na madereva wa malori humu mnaijua mizani yenyewe: CAT Scale, ile ya kwenye vituo vya malori. Inakupa uzito wa kila ekseli peke yake. Pima pikapu tupu, tangi la mafuta limejaa. Pachika kempa, jaza mafuta tena, mtu yuleyule akae ndani, pima. Linganisha ekseli ya mbele. Ikiongezeka uzito, uko salama upande huo. Ikipungua hata pauni 20, kitovu kiko nyuma ya ekseli.

Unataka kujua ni umbali gani? Chukua ongezeko la ekseli ya mbele, zidisha kwa umbali kati ya ekseli mbili, gawa kwa uzito wa kempa. Mfano: kempa ya pauni 900, mbele imeongezeka pauni 50, umbali wa ekseli inchi 127. 50 × 127 ÷ 900 = inchi 7 mbele ya ekseli. Safi. Mbele ikipungua pauni 60, hesabu hiyohiyo inakupa inchi 8 na nusu nyuma. Hapo hamisha betri na tangi kwenda mbele, upime upya. Ikigoma, rudisha kempa.

ANGALIZO: kujaza maputo ya hewa kwenye springi za nyuma kunanyanyua mkia, gari linaonekana limenyooka, na kitovu kiko palepale. Usiyatumie kuficha tatizo.

ANGALIZO la pili: usilipe pesa yote kabla ya mizani. Acha advansi, andikianeni, nenda ukapime.

Hatua ya 5. Ng'oa mlango wa nyuma wa bodi, tandika mkeka wa mpira.

Hatua ya 6. Pandisha kempa kwa jeki zake nne, kwenye sakafu tambarare, kila jeki kidogokidogo kwa zamu. Rudisha gari nyuma polepole, mtu mmoja kila upande. Hakuna anayeingia chini yake.

Hatua ya 7. Funga kwenye chesisi. Tacoma kuanzia 2005 bodi yake ndani si ya chuma, ni plastiki iliyoimarishwa. Usitoboe hapo ukafunga ndoano. Tafuta mabano yanayofungwa kwa bolti kwenye chesisi, minyororo minne, vikazio vyenye springi. Minyororo ya mbele ivute kempa mbele kuelekea kebini.

Hatua ya 8. Umeme: usiamini rangi za nyaya. Shika tester, tambua waya mmoja mmoja, na waya wa ethi uende wenyewe hadi kwenye gari. Mnyororo si ethi.

Hatua ya 9. Gesi: badilisha mpira na regyuleta hata kama vinaonekana vizima. Fungua mtungi, paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likivimba kuna uvujaji. Valvu ya mtungi ifungwe kila unapoendesha.

Hatua ya 10. Soma namba ya uzito kwenye ubavu wa tairi. Tairi mbili za nyuma kwa pamoja lazima zizidi uzito wa ekseli ya nyuma uliopata mizanini. Endesha maili chache, simama, kaza minyororo.

Maswali karibuni.

— MASWALI —

Mzee_wa_Columbus: Mkuu somo zuri. Naomba kujua, Frontier yangu inaweza kubeba kempa?

Mwandishi: Hatua ya 1. Rudi na namba.

Binti_Pangani: Asante kaka. Nisaidie kidogo, nikiongeza springi nzito nyuma, kwa nini namba ya mlangoni isipande? Si gari limekuwa na nguvu zaidi?

Mwandishi: Swali zuri sana dada yangu. Springi ni kiungo kimoja tu. Uzito uleule unapita kwenye bearing, ekseli, chesisi, tairi, na mwisho breki ndizo zinausimamisha. Aliyepanga ile namba aliangalia vyote kwa pamoja, na mara nyingi springi siyo kiungo dhaifu kuliko vingine. Ukibadilisha springi gari litakaa vizuri na kuyumba kutapungua, na hiyo ni faida ya kweli. Ila breki hazijui kwamba umebadilisha springi.

Binti_Pangani: Nimeelewa kabisa. Kumbe kinachoangaliwa ni kusimama, si kubeba tu.

Mwandishi: Umenena.

Kamanda79: Unatisha watu bure. Mshikaji wangu ana Ranger na kempa ya pikapu kubwa, ameweka maputo ya hewa, mwaka wa tatu huu hana shida yoyote.

Mwandishi: Namtakia heri. Mwambie apite mizanini alete namba ya ekseli ya mbele kabla na baada. Nimeandika hesabu hapo juu, kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Sijamtisha mtu.

Kamanda79: Hizo hesabu ni za makaratasi.

Mwandishi: Mizani haina karatasi kaka, ina gari juu yake.

Dereva_I80: Naongezea. Ukirudia kupima CAT Scale palepale ndani ya saa 24 bei inashuka sana, kwa hiyo nenda na kempa asubuhi, ishushe, rudi na gari tupu jioni. Jambo la pili, mkipita jimbo la Wyoming kati ya Laramie na Rawlins angalieni tangazo la upepo. Pale Elk Mountain wakifunga barabara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu, wanakusema wewe.

Mwandishi: Asante sana mkuu. Hili la upepo nilipaswa kuliweka kwenye somo.

Mama_Warda: Kaka, sisi tutalala na watoto, na usiku Oktoba ni baridi. Naweza kuacha jiko la gesi likiwaka dogo?

Mwandishi: Hapana mama, hata dogo. Jiko linakula hewa na linaweza kutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na mtu anapitiwa usingizini. Nunua king'ora chake na kingine cha gesi inayovuja, na angalia tarehe nyuma yake, vina umri. Hita ya ndani iwe ile inayovuta hewa nje na kutoa moshi nje. Na fungua kidirisha cha paa kidogo hata kukiwa na baridi: watu wanne wakilala ndani, asubuhi kuta zinatiririka maji, na hayo ndiyo yanaozesha mbao.

Mama_Warda: Allah akulipe. Na kupika mchana?

Mwandishi: Dirisha wazi, pika. Ila pilau na maharage vipikieni nje, mvuke wake ni mwingi.

Mzee_wa_Columbus: Nimerudi. Kibandiko 1,120. Mimi na mama watoto 340. Kempa 900 mkavu, tangazo ndivyo linavyosema.

Mwandishi: Sasa tunaongea mkuu. 1,120 toa 340 inabaki 780. Kempa imeshazidi kwa 120 na hujaweka hata kikombe cha maji. Hiyo iache. Tafuta ganda tupu lisilo na friji wala tangi, uweke magodoro na madumu mawili ya maji mbele karibu na kebini. Ukiipata nitumie vipimo, tupige hesabu pamoja.

Fundi_Tabata: Niko Dar. Huku Hilux ya kebini moja inabeba karibu tani. Nikichomelea fremu mwenyewe nijenge ya kwangu?

Mwandishi: Una gari zuri kuliko sisi wote hapa. Kebini moja ina bodi ndefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya sakafu inakaa mbele ya ekseli. Tumia bomba la mraba jepesi, funika kwa aluminiamu, tangi la maji weka kwenye ukuta wa mbele kabisa, chini. Mlango nyuma. Kabla hujachomelea paa, ipandishe kwenye gari ikiwa mifupa mitupu na uipime kwenye mizani ya wauza vyuma chakavu, tairi za mbele peke yake, kisha za nyuma.