Kuwaona wanyama bustanini baridi inapokaribia kwisha

Wengi hungoja maua yachanue ndipo waende bustanini kutafuta wanyama. Mimi huwahimiza waende mapema, wiki zile za mwisho za majira ya baridi, miti ingali mitupu. Majani yakishatoka, ndege utamsikia tu. Kabla ya hapo matawi yote yako wazi, na ukiinua macho utaona hata viota vya mwaka uliopita. Furushi la majani makavu na vijiti lililobanwa kwenye panda ya mti huwa ni la kindi. Kiota cha kunguru ni vijiti vitupu vilivyofumwa.

Nenda saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Ndege wadogo huamka na njaa kali baada ya usiku mrefu wa baridi, na hawana muda wa kujificha. Vaa koti la kitambaa laini, maana lile linalochakarika kila unaposogeza mkono litakutangulia kutoa habari zako. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 42, inatosha kabisa. Inayokuza zaidi hutikisa picha, na vidole vilivyokufa ganzi huitikisa zaidi.

Kisha tulia. Hilo ndilo nililochelewa kulielewa. Majira yangu ya kwanza niliizunguka bustani nzima kwa mwendo wa haraka, Jumapili baada ya Jumapili, nikaambulia kunguru na mbwa wa watu. Siku moja nikaketi kufunga kamba ya kiatu, vidole vikagoma, nikakawia. Mbweha akakatiza njia hatua ishirini mbele yangu, akasimama, akanitazama, akaenda zake. Tangu siku hiyo nachagua sehemu mbili au tatu tu, na kila moja naipa dakika ishirini bila kusogea. Usitafute mnyama mzima. Tafuta kitu kinachosogea, au mstari wa ulalo kati ya mashina yaliyosimama wima, maana mgongo wa kulungu huonekana hivyo kabla hujakiona kichwa.

Masikio yatakupa zaidi ya macho. Kigong'ota huanza kupiga ngoma wakati huu. Mlio ule wa kasi, mapigo zaidi ya 10 kwa sekunde moja, si wa kuchimbua wadudu. Anatangaza eneo lake na kumwita mwenzi, kwa hiyo huchagua tawi kavu linalovuma vizuri. Anapotafuta chakula hugonga taratibu, bila mpangilio. Ukisikia ngoma, kagua matawi makavu ya juu kwanza.

Sikiliza pia ugomvi. Ndege wadogo wa aina mbalimbali wakikusanyika kwenye mti mmoja wakipiga kelele bila kukoma, pengine wamemgundua kipanga au bundi. Hivyo ndivyo nilivyompata bundi wangu, amejibana kwenye shina la msonobari, rangi moja na gome. Nilikuwa nimepita chini yake mara nyingi mno. Baada ya hapo nilijifunza kutazama chini pia: shina lilikuwa na michirizi myeupe ya kinyesi, na ardhini palikuwa na vitonge vya kijivu ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hukitapika kile kisichosagika tumboni. Nilikifungua kitonge kimoja kwa kijiti, nikakuta manyoya, mbavu nyembamba kama sindano na taya lenye meno ya rangi ya chungwa. Niliondoka nimefurahi siku nzima.

Kukiwa na theluji, soma nyayo. Za sungura huonekana kama zimegeuzwa: mbili kubwa zilizotangulia ni za miguu ya nyuma, kwani anaporuka huitupa mbele ya ile ya mbele. Za kindi zinafanana nazo, ila huanzia kwenye mti na kuishia kwenye mti. Mbweha hupita kama aliyefuata uzi ulionyooka, mbwa huzurura huku na huko, na paka haachi alama za kucha. Usidanganywe na ukubwa. Theluji inayoyeyuka mchana na kuganda usiku huutanua unyayo hata mbwa wa kawaida akaonekana dubwana.

Bwawani huhitaji juhudi kubwa. Mabata dume wamekwisha kuvaa manyoya yao mazuri na wanajitapa mbele ya majike. Chungulia kingo zenye maji ya kina kifupi: baadhi ya vyura hutaga mapema mno, mayai yakielea kama ute wenye vitone vyeusi. Mimi huandika tarehe ninapoyaona mara ya kwanza kila mwaka. Mbayuwayu usiwatafute bado. Wale waliohamia Afrika hawajarudi.

Ombi langu moja: wape nafasi. Akiba ya mafuta mwilini imekwisha, chakula ni haba, na kila unapomfurusha mnyama anapoteza nguvu alizozipata kwa shida. Akiacha kula na kukukazia macho, umeshamkaribia mno. Rudi nyuma polepole. Mbwa wako mfunge kamba. Na ukikuta rundo la majani makavu chini ya kichaka, usilichokoe. Huenda kalunguyeye bado amelala humo.