Kutoka Mombasa kwa treni hadi JKIA na mizigo

Ukishuka Nairobi kutoka SGR, treni ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, na una ndege ya kukamata JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tafadhali usifuate umati kwenye treni ndogo ya mjini. Stesheni iko Syokimau, upande uleule wa uwanja. Ukienda mjini utarudi tena na masanduku yako kwenye msongamano wa Mombasa Road. Chukua teksi hapohapo.

Na kule Miritini, stesheni ya Mombasa unakopandia treni, fika mapema, angalau saa nzima kabla ya treni kuondoka. Mizigo hupangwa chini mbwa wainuse, kisha inapita kwenye mashine, na foleni huwa ndefu. Ukipanda matatu kwenda stesheni, elewana na kondakta kuhusu nauli ya sanduku kabla halijapakiwa. Pasipoti ikae mfukoni, usiifungie sandukuni.