Kabla hujajaza samaki kwenye tangi, hesabia siku umeme umekatika

Matangi ya samaki sebuleni yamekuwa mengi siku hizi, na ni kitu kizuri, nyumba inapendeza na watoto wanatulia. Lakini samaki wanakufa sana jamani, na wengi wanakufa kwa sababu moja tu, wamejazwa. Soma haya kwanza ndo uende dukani.

Pima maji, usipime kioo. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1000, unapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 linatoa lita 63, ila hulijazi mpaka mdomoni, na chini umetia mchanga na mawe, kwa hiyo maji yenyewe hasa ni kama lita 50. Hesabu yako yote inaanzia hapo kwenye 50.

Samaki mhesabu kwa ukubwa atakaofikia, sio alivyo leo kwenye mfuko wa plastiki. Goldifishi wa dukani ana sentimita 4 tu, akitunzwa vizuri anafika 20 na kupita, anaishi miaka 10 na zaidi, na uchafu wake ni mwingi mno. Lita 50 goldifishi usitie, hata mmoja. Muuzaji atakwambia samaki anakua kwa kadiri ya tangi, usikubali, anachofanya pale ni kudumaa kwa maji mabaya na kufa kabla ya siku zake.

Samaki aina ya gapi (guppy) ni wadogo, sentimita 4 au 5, hao sawa. Ila chukua madume matupu, wale wembamba wenye mikia ya rangi. Jike wa dukani mara nyingi keshapata mimba, anazaa kila baada ya wiki 4 hivi, na hata ukimtenga na dume anaendelea kuzaa kwa miezi maana mbegu anazihifadhi tumboni. Unanunua wanne, baada ya muda mfupi huwezi hata kuwahesabu.

Sasa idadi. Kanuni inayozunguka kila pahala ni sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Sisi huku Unguja weka lita mbili kwa kila sentimita, yaani tangi letu lile la lita 50 ni gapi sita basi. Najua utaona tangi tupu, utaona wa dukani wamejazana na wazima. Wa dukani wanakaa siku chache wananunuliwa, wako watakaa hapo maisha yao yote.

Na sababu ya kusema lita mbili ni umeme. Maji ya nyuzi joto 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika nyuzi 30 inashuka mpaka 7.5 hivi, na samaki kwenye joto anahitaji oksijeni zaidi, sio pungufu. Pampu ya hewa ndo inaziba hilo pengo, na pampu inataka umeme. Jirani yetu hapa ghorofani alikuwa na tangi la saizi hiyohiyo, goldifishi tisa na magapi juu yake, na miezi yote mambo shwari kwa sababu pampu ilikuwa inaficha hesabu mbovu. Ukaja usiku mmoja wa kaskazi, joto halina mfano, umeme ukakatika baada ya Isha. Saa nane usiku anagonga mlango, "dada njoo uwatizame hawa". Tukamulika kwa simu, samaki wote wako juu, midomo nnje ya maji, inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, na maji hayatikisiki. Tukachukua kata tukawa tunateka na kumimina kutoka juu ili yaingie hewa, kwa zamu, mwanawe kashika simu huku analia. Mpaka inaadhiniwa alfajiri umeme hola. Goldifishi walianza kufa wale wakubwa, mwili mkubwa unataka oksijeni nyingi, magapi wakabaki hai wamejibandika kwenye uso wa maji. Umeme ukarudi mchana, na hapo ndo ikaja ya pili: filta, yaani kichujio cha maji, ilikuwa imesimama masaa yote yale, vijidudu vizuri vinavyosafisha maji vimekufa humo ndani kwa kukosa hewa, ilipowaka ikatema maji meusi yananuka na kuua wengine waliokuwa wamepona.

Kwa hiyo umeme ukirudi baada ya masaa mengi, toa sponji ya filta uisuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla hujawasha. Umeme ukikatika usiwalishe. Pampu ya betri tafuta uweke. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka 2008 karibu mwezi mzima kiza, tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisa waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara, kwa hiyo usiniambie umeme kukatika masaa mengi hakutokei.

Jaribio: siku uko nyumbani zima pampu mchana, kaa utizame. Wakipanda juu kuhema ndani ya masaa mawili, washa haraka, wamezidi, punguza.

Mengine kwa ufupi. Tangi jipya tia wawili tu kwanza, vile vijidudu vinachukua wiki 4 mpaka 6 kukaa sawa, ndo uongeze kidogokidogo. Maji ya mfereji yalaze siku nzima kwenye ndoo wazi kabla ya kutia. Mtungi mwembamba mrefu usinunue, uso wa maji mdogo hewa haiingii. Samaki wa mwambani wanaobaki kwenye vidimbwi maji yakitoka, waache hukohuko, wa bahari wana hesabu nyengine kabisa na tangi dogo linawaua.

Na waliozidi usiwamwage kwenye madimbwi ya mvua. Humo kuna kisamaki chetu, Nothobranchius guentheri, cha asili ya Unguja tu, mayai yake yanangoja kwenye tope kavu mpaka mvua irudi, magapi yako yakimkuta yatamla angali mchanga. Mpe mwenye tangi kubwa, au mrudishie muuzaji hata kwa bure.