Kuandaa Gati la Feri: Vifaa vya Kufunga Chombo kwa Usalama na kwa Haraka

Wasimamizi wengi wa bandari wanapotaka kufupisha muda wa feri gatini humtazama kwanza nahodha, wakidhani kwamba akiingia kwa kasi zaidi safari za siku zitaongezeka. Ukisimama gatini na saa mkononi utaona jambo lingine. Dakika nyingi hupotea baada ya chombo kugusa gati: kamba zinarushwa na kukosa kudakwa, daraja linasubiri kulinganishwa na sitaha, na madereva wanasita kwa sababu chombo bado kinayumba. Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia kwamba feri iingie polepole, na vifaa vya nchi kavu viwe ndivyo vinavyofanya kazi haraka. Nitavieleza kwa mpangilio ambao chombo hukutana navyo kinapoingia.

Kabla ya kununua chochote

Andika vipimo vya kila feri itakayotumia gati, si vya ile kubwa pekee. Unahitaji uzito wake ikiwa tupu na ikiwa imejaa, urefu na upana, kimo cha mlango wa magari juu ya maji katika hali zote mbili, na mahali ulipo ukanda wa ubavuni, yaani ule mhimili unaotokeza nje ili kulinda bati la chombo. Kipimo hiki cha mwisho husahaulika sana, na kusahaulika kwake ni hatari. Feri ambayo ukanda wake umeingia chini ya ukingo wa dafrao, yaani kinga ya gati inayopokea pigo la chombo, inaweza kunaswa maji yanapojaa, ubavu mmoja ukazuiwa huku mwingine ukiendelea kupanda.

Kwa upande wa maji, pata kimo cha juu na cha chini cha bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Kumbukumbu za mwezi mmoja hazitoshi, kwa kuwa bamvua za mwezi mmoja hazilingani na za mwezi mwingine, na zile za karibu na Machi na Septemba kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Pima pia mkondo pale pale penye gati, maana takwimu za katikati ya lango la bandari hazikuambii chochote kuhusu maji yanayozunguka nyuma ya nguzo.

Dafrao na nguzo za kuongozea

Dafrao, ambazo mabaharia wengi sasa huziita fenda, ndizo zinazopokea nishati ya chombo kinapogusa gati. Nishati hiyo ni nusu ya uzito ukizidishwa kwa mraba wa kasi, na mraba huo ndio kila mhusika anapaswa kuuelewa. Feri ya tani 4,000 inayogusa kwa sentimita 15 kwa sekunde ina kilojuli 45. Feri hiyo hiyo ikigusa kwa sentimita 30 kwa sekunde, mwendo ambao mtu aliye ukingoni anaweza kuuona kuwa bado ni wa taratibu, inakuwa na kilojuli 180. Kasi imezidi mara mbili, pigo limezidi mara nne. Mhandisi ataongeza juu ya hesabu hiyo uzito wa maji yanayosogea pamoja na chombo, kisha atapunguza kulingana na pembe ya kugusa, kwa sababu chombo kinachogusa kwa pembeni hutumia sehemu ya nishati yake kujizungusha.

Baada ya hapo huja nafasi ya makosa. Mwongozo wa mwaka 2002 wa PIANC, jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia miundombinu ya usafiri wa majini, ulipendekeza nishati ya kawaida izidishwe mara 2 au zaidi kwa feri, kiwango kilichozidi kile cha meli za mafuta. PIANC imetoa mwongozo mpya mwaka 2024 wenye njia tofauti ya kukokotoa, na mhandisi wako anapaswa kuutumia, lakini sababu ya tahadhari ile haijabadilika: feri hufunga gati mara nyingi kwa siku, mara nyingi bila tagi (mashua ya kuvuta meli), na ratiba ikimsukuma nahodha.

Katika kuchagua aina, dafrao za mpira zenye umbo la koni hufaa gati lenye chombo kizito na nafasi finyu, kwa kuwa hunyonya nishati nyingi kwa ukubwa wake. Zile za kuelea zilizojazwa hewa hufaa mahali penye tofauti kubwa ya maji kujaa na kupwa, ila huhitaji ukuta mpana nyuma yake. Aina yoyote utakayochagua, muulize mtengenezaji mambo mawili: nishati inayonyonywa na kani inayorudishwa kwenye chombo. Dafrao ngumu mno hulinda gati na kubonyeza bati la feri. Ndiyo maana mbele ya mpira huwekwa paneli pana ya chuma inayosambaza mgandamizo, nayo hufunikwa kwa plastiki nzito inayoteleza ili chombo kisikwame kinapopanda na kushuka. Paneli hiyo hushikwa kwa minyororo: mmoja hubeba uzito, mwingine huzuia paneli isivutwe pembeni, na mwingine huzuia isijipinde kupita kiasi. Mnyororo mmoja ukikatika, paneli haitakaa wima, na dafrao nzima haitafanya kazi kama ilivyohesabiwa.

Mbele ya gati panahitajika nguzo za kuongozea, zilizojengwa mbali kidogo ili nahodha aweze kuegemeza ubavu na kuteleza kuelekea ndani hata upepo ukiwa wa ubavuni. Kwenye kona ya gati weka dafrao za magurudumu, kwa sababu kona ndiyo inayotoboa chombo. Mimi huona kwamba fedha zinazotumika kwenye nguzo hizi hurudi haraka kuliko zinazotumika kwenye kifaa kingine chochote, maana humwezesha nahodha kukubali mgusano wa polepole badala ya kuupigania upepo kwa mashine.

Kukishika chombo

Njia ya kale ni kamba na bolardi (nguzo fupi za kufungia kamba), na bado inafaa mahali ambapo feri hukaa gatini muda mrefu. Kamba za omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma yake) huzuia chombo kisiachane na gati, na zile za mshazari, zinazotoka omo kwenda nyuma na zinazotoka tezi kwenda mbele, huzuia kisisogee kwa urefu. Katika gati la feri, kamba za mshazari ndizo zenye umuhimu mkubwa zaidi, kwa kuwa kusogea kwa urefu ndiko kunakouondoa mlango wa chombo kwenye daraja. Kamba za nailoni hunyumbuka sana na hivyo humeza misukosuko ya mawimbi, lakini huruhusu feri icheze mbele na nyuma. Zile za nyuzi za kisasa zisizonyumbuka huishika feri imara, ila zinahitaji kipande kifupi kinachonyumbuka kwenye ncha ili zisikatike kwa mshtuko.

Kamba inayokatika hurudi kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Usiridhike na kupaka rangi eneo moja na kuliita la hatari, kwa sababu kamba inayopita kwenye kona au kwenye roda (kapi) hurudi kwa njia isiyotabirika. Hesabu eneo lote la kufungia kuwa ni la hatari wakati kamba zimekaza. Tangu tarehe 1 Januari 2024 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli za safari za kimataifa zikague na kutunza vifaa vya kufungia kwa utaratibu ulioandikwa. Feri za safari za ndani zinafaa kuufuata utaratibu huo hata pale sheria haizilazimishi.

Kulabu za kufyatua haraka ni hatua ya kwanza ya kuokoa muda, kwa sababu mtu mmoja huachia kamba iliyokaza bila kuishika kwa mkono. Hatua ya pili ni mitambo ya kushika kwa ombwe: pedi pana zilizofungwa kwenye mikono ya haidroliki husogea hadi ubavuni, hewa hunyonywa, na chombo hushikwa kwa muda usiozidi dakika moja bila mtu kusimama karibu na kamba. Feri ya umeme ya Norway iitwayo Ampere, iliyoanza kazi mwaka 2015 kati ya Lavik na Oppedal, ilishikwa hivyo, kwa kuwa muda wake wa gatini ulikuwa takriban dakika 10 na ndani ya muda huo ilipaswa pia kuchajiwa betri.

Usinunue mitambo hiyo bila hesabu ya upepo. Ombwe la asilimia 80 hutoa kani ya takriban tani 8 kwa kila mita ya mraba ya pedi. Upepo wa mita 20 kwa sekunde ukipiga ubavu wa mita za mraba 1,000 husukuma kwa takriban tani 25, hata kabla ya kuongeza mkondo na nafasi ya usalama. Pedi moja haitoshi, na pedi zote zinahitaji ubavu bapa, usio na ukanda wala madirisha, mahali zinapogusa. Hakikisha pia kwamba umeme ukikatika ombwe hudumu kwa muda unaotosha kupitisha kamba, na kwamba king'ora hulia ombwe linapopungua.

Feri zenye milango pande zote mbili mara nyingi hubaki gatini kwa kusukumwa na rafadha (panga za mashine majini) dhidi ya daraja. Njia hii ni ya haraka, lakini inategemea mashine isizimike, na maji yanayotupwa nyuma huchimba mchanga chini ya nguzo. Mahali inapotumika, weka kulabu ya chuma inayojifunga kati ya daraja na chombo, na ufunike sakafu ya bahari kwa mawe au mikeka ya zege.

Daraja la magari na njia ya abiria

Daraja linaloinuka na kushuka pamoja na maji ndilo linaloamua muda wa kushusha. Mwinuko wa 1 kwa 10 ni kiwango kinachotumiwa sana, kwa sababu ukizidi sana magari ya chini hukwaruza tumbo. Kama sitaha ya feri hupanda mita 2 juu ya bawaba za daraja na kushuka mita 2 chini yake, daraja linahitaji angalau mita 20 za urefu, na tofauti kati ya feri tupu na iliyojaa huongeza juu ya hapo. Daraja fupi huonekana kuokoa fedha siku ya ujenzi, kisha husimamisha kazi kila bamvua.

Lipo jambo zito zaidi. Tarehe 6 Machi 1987 feri Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge milango ya omo ikiwa wazi, ikapinduka, na watu 193 wakafa. Kosa la mlango ndilo linalokumbukwa, lakini daraja la gati lile halikuweza kuifikia sitaha ya juu wakati maji yamejaa, hivyo omo lilishushwa kwa kujazwa maji ya uzani, na chombo kiliondoka kikiwa bado kimeinama mbele. Daraja lisilolingana na chombo humlazimisha nahodha kuibadilisha meli ili iifuate bandari. Agiza daraja linalofikia kila sitaha katika kila kimo cha maji.

Njia ya abiria isifikiriwe kuwa kitu chepesi. Huko Ramsgate, Uingereza, tarehe 14 Septemba 1994, njia ya abiria ilianguka na kuua watu 6 na kujeruhi 7. Kiungo kilicholehemiwa kwenye moja ya miguu yake kilivunjika. Wasanifu hawakuzingatia kwamba pontuni (jukwaa linaloelea) inapoyumba njia hiyo hupindwa na mzigo hauendi sawasawa kwenye miguu yote. Kutokana na hayo, dai mambo matatu kwa maandishi: hesabu za uchovu wa chuma (kudhoofika kwake kwa kupindwa tena na tena) kwa mizunguko ya kila siku, mkaguzi asiyefungamana na msanifu, na kizuizi cha pili, kama mnyororo au egemeo, kinachodaka daraja endapo kiungo cha kwanza kitavunjika. Kwenye mitungi ya haidroliki, vali za kuzuia kushuka ziwekwe kwenye mtungi wenyewe, ili bomba likipasuka daraja libaki mahali pake.

Unganisha taa na vizuizi vya magari na hali halisi ya gati. Taa ya kijani isiwake mpaka chombo kimeshikwa na ulimi wa daraja umekaa juu ya sitaha, nayo iwe nyekundu mara chombo kikisogea kupita kiwango. Hapa kasi na usalama huenda pamoja, kwa kuwa dereva anayeiamini taa hasiti.

Vyombo vya kupimia

Leza mbili zilizowekwa gatini hupima umbali na kasi ya omo na ya tezi, na ubao mkubwa wenye tarakimu humwonyesha nahodha sentimita kwa sekunde bila kuangalia chini. Mvua kubwa na ukungu mzito huzidhoofisha, kwa hiyo zisiwe tegemeo la pekee. Kipima upepo kiwekwe mwisho wa gati, si nyuma ya jengo la abiria linaloukinga. Taa za gati zielekezwe chini, kwani taa inayompiga nahodha machoni humwibia kila kitu ulichomjengea.

Namna ya kuingia

Nahodha ajaribu mashine ya kurudi nyuma na usukani akiwa bado ana nafasi ya kutosha ya kusimama, na arudie jaribio kila anapohamisha uendeshaji kutoka kituo kimoja cha daraja la chombo, yaani chumba cha uongozaji, kwenda kingine. Tarehe 9 Januari 2013 feri Seastreak Wall Street iligonga gati mjini New York kwa takriban noti 12, yaani karibu kilomita 22 kwa saa, na kujeruhi watu 80, kwa sababu nahodha hakutambua kwamba udhibiti wa rafadha ulikuwa katika hali ya akiba na hivyo haukujibu alivyotarajia. Jaribio la mapema lingemwonyesha. Panga pia mahali pa kughairi, palipowekewa alama, ambapo kasi ikizidi kiwango au upepo ukivuka kikomo feri hugeuka bila mtu yeyote kuulizwa kuhusu ratiba. Abiria wabaki wamekaa na madereva ndani ya magari mpaka taa ibadilike.

Utunzaji

Minyororo ya dafrao na boliti za paneli zikaguliwe kila wiki wakati wa maji kupwa, zinapoonekana. Pedi za ombwe zipimwe uvujaji kabla ya safari ya kwanza. Viungo vilivyolehemiwa vya daraja vichunguzwe na fundi mwenye vifaa vya kugundua nyufa, kwa vipindi alivyoweka msanifu. Gatini, liwekwe daftari lenye nyakati nne za kila safari: chombo kugusa, kushikwa, daraja kukaa, na gari la kwanza kutoka. Baada ya miezi michache daftari hilo litaonyesha ni nafasi ipi kati ya nyakati hizo inayorefuka, na hapo ndipo fedha ya matengenezo inayofuata ielekezwe.