Unapiga chuma na unatumia saplimenti? Fanya hivi kabla hujaenda kupima damu

Hii inawakuta vijana wa jimu sana. Mtu yuko fiti, haumwi popote, anaenda kupima damu labda kwa ajili ya bima au kazi mpya au ile medikali ya kwenda Ghuba, majibu yanatoka figo zina alama ya kupanda, ini nalo limepanda, na nyumbani wameshaanza si tulikwambia hayo maunga yatakumaliza. Mara nyingi figo ni nzima na ini ni zima, ila damu imetolewa siku mbaya na aliyesoma majibu hakujua huyu mtu anakula nini wala ananyanyua nini. Na mara nyingine kweli kuna shida. Ukijipanga vizuri kabla ya kipimo inakuwa rahisi kujua wewe uko upande gani, kwa hiyo twende.

Tuanze na kreatini, ile saplimenti ya kuongeza nguvu ya misuli, maana kesi nyingi zinatokea hapo. Misuli yako ina kreatini hata kama hujawahi kununua kopo, na kila siku kama asilimia 2 ya akiba hiyo inageuka kuwa kreatinini, ambayo ni taka, figo zinaitoa kwa mkojo. Maabara wanachopima ni hiyo taka imebaki kiasi gani kwenye damu, halafu kompyuta inachukua umri wako na jinsia yako inapiga hesabu na kutoa namba inayoitwa eGFR, yaani figo zinakadiriwa kuchuja kwa kasi gani. Kadirio tu. Hesabu haijui kama una kilo 95 na misuli imejaa. Mwenye misuli mingi anatengeneza taka nyingi, akiweka na gramu 3 mpaka 5 za kreatini kila siku inaongezeka kidogo, akila na nyama choma usiku wa kuamkia kipimo inaongezeka tena, na hesabu inachukulia kwamba chote kilichozidi ni figo zimeshindwa kutoa.

Chukua kijana wa kiume wa miaka 28. Kreatinini yake ikisoma 97 kwa maabara zinazotumia µmol/L, au 1.1 kwa zinazotumia mg/dL, eGFR inatoka kama 94 na hakuna anayeshtuka. Huyo huyo ikisoma 124, yaani 1.4, eGFR inaporomoka mpaka kwenye 70 hivi na karatasi inatoka na mshale. Akiangalia haraka anaona robo ya figo imeondoka, kumbe inawezekana kabisa figo ni zile zile na kilichobadilika ni mwili, kopo na sahani ya jana. Na ujue ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa karatasi moja, wanaangalia eGFR iliyo chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, au dalili nyingine ya uharibifu kama protini kwenye mkojo ambayo haiishi.

Sasa ufanyeje. Wengi wanaacha kreatini siku mbili kabla halafu wanaenda kupima kimya kimya, hiyo haisaidii sana kwa sababu akiba ya kwenye misuli inachukua wiki 4 au zaidi kurudi ilipokuwa. Kwangu mimi bora uendelee kama kawaida na umwambie daktari wazi natumia kreatini gramu kadhaa kwa siku tangu mwezi fulani, halafu uombe vitu viwili, kipimo cha mkojo cha protini na kipimo cha damu kinaitwa sistatini C, ambacho nacho kinakadiria figo lakini hakiangalii misuli wala nyama uliyokula. Siyo kila maabara ya mtaani wanayo, ulizia hospitali kubwa. Kama haipatikani basi ndiyo unasimamisha kreatini hizo wiki 4 na kurudia kipimo. Ila njia yoyote utakayochukua nyama iliyopikwa iache angalau masaa 12 kabla, na maji kunywa kawaida, maana ukienda umekauka kreatinini inapanda na yurea inapanda, na damu inaonekana nzito kuliko ilivyo.

Yurea nayo tuimalize hapa hapa. Ukila protini nyingi, iwe ya unga au ya mayai na maharage, yurea inapanda kidogo kwa sababu ndiyo taka ya protini. Ikiwa imepanda peke yake na vingine viko sawa kwa kawaida siyo stori kubwa.

Ini ndiyo panapoleta kizaazaa zaidi, na hapa mara nyingi saplimenti inasingiziwa. Vile vipimo vya ALT na AST, kuna maabara zinaandika SGPT na SGOT ni hivyo hivyo, watu wanaviita vipimo vya ini lakini hivyo vimeng'enya viko kwenye misuli pia, AST hasa. Ukipiga skwati nzito Jumamosi misuli inachanika kidogo kidogo, ndiyo kawaida ya mazoezi, na vilivyokuwa ndani vinamwagikia kwenye damu. Vinaweza kubaki juu wiki nzima au zaidi, hasa kama ulikuwa umepumzika muda mrefu ukarudi kwa fujo, au umebadilisha programu. Jumatatu unaenda kupima, AST iko mara mbili au tatu ya kawaida, daktari anakuuliza unakunywa pombe kiasi gani.

Kuna namna ya kutofautisha na siyo ya gharama kubwa. Omba wapime CK, hicho ni kimeng'enya cha misuli, baada ya zoezi zito kinaweza kutoka kwenye mia mbili tu mpaka maelfu. Halafu omba GGT, kimeng'enya kingine cha ini, na bilirubini, ile rangi ya njano ambayo ini huitoa mwilini. GGT haitoki kwenye misuli, kwa hiyo kama AST na ALT zimepanda na CK imepanda sana lakini GGT na bilirubini ziko kawaida, hapo misuli ndiyo inayoongea. Kama GGT na bilirubini nazo ziko juu, usijifariji na mambo ya skwati, hilo ni ini, lifuatilieni. Na ili usiingie kwenye mkanganyiko wote huu, pumzika vyuma siku 7 kabla ya kipimo, kutembea sawa, lakini siku ya miguu iahirishe. Najua inauma lakini wiki moja haikuondolei misuli.

Sasa upande wa pili, maana wapo wanaotumia "ni mazoezi tu" kama kichaka cha kujifichia. Kuna saplimenti zinazopiga ini kweli. Vidonge vya kuchoma mafuta vyenye majani ya chai ya kijani yaliyokamuliwa makali, vimeripotiwa. Ashwagandha, ile dawa ya mizizi ya asili ya India, imeripotiwa, na hiyo inaweza kuvuruga hata homoni za tezi ya shingoni. Mwaka 2013 kule Hawaii watu waliokuwa wakitumia OxyELITE Pro, saplimenti ya kupunguza mafuta, walipata homa ya ini kali na bidhaa ikaondolewa sokoni. Na kuna makopo yanawekwa steroidi, yaani homoni za kukuza misuli, ndani bila kuandikwa kwenye lebo, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeonya juu ya hilo zaidi ya mara moja. Kopo lisilo na lebo inayoeleweka, unalouziwa kwenye begi na mtu wa jimu, hilo liogope. Macho yakiwa ya njano, mwili unawasha bila upele, mkojo umekuwa rangi ya kola, misuli imevimba na inauma kupita kawaida, usisubiri siku 7 za kupumzika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Biotini, vitamini ya kundi B. Hii watu hawaijui kabisa na ndiyo inayonitisha kuliko kreatini. Chukua kopo lako la vidonge vya nywele na kucha, au hiyo multivitamini ya wanamichezo, geuza nyuma usome mstari wa biotini. Mwili unahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, kidonge kimoja utakuta kimeandikwa 5,000 au 10,000. Hiyo 10,000 ni zaidi ya mara 300. Haikudhuru, inatoka kwa mkojo, shida ni kwamba mashine nyingi za maabara zinatumia biotini hiyo hiyo kwenye kemikali zao, kwa hiyo ikijaa kwenye damu yako mashine inachanganyikiwa. Vipimo vya tezi ya shingoni, TSH inatoka chini kwa uongo na T4 juu kwa uongo, unaambiwa tezi yako inafanya kazi kupita kiasi na unaweza kuanzishiwa dawa za ugonjwa ambao huna. Mbaya zaidi ni troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, inaweza kutoka chini wakati moyo unaumia kweli. FDA walitoa tahadhari mwaka 2017 na mtu mmoja alishafariki baada ya troponini kusoma chini hivyo. Acha biotini siku 2 au 3 kabla ya vipimo vya kawaida, na ukipelekwa emajensi kifua kinauma waambie hapo hapo, au anayekusindikiza aseme.

Asubuhi ya kipimo. Kama umeambiwa uende na njaa, njaa ni maji tu masaa 8 mpaka 12. Naona watu wanasema sijala kitu, kumbe kapiga BCAA, ile ya amino asidi, kwenye chupa ya jimu, au kahawa, au skupu ya priwekauti, ile ya kuamsha nguvu kabla ya mazoezi, kwa sababu alipitia mazoezini kwanza. Hiyo siyo njaa. Geina, unga wa kuongeza uzito, ndiyo usiseme, ile ni wanga mwingi, sukari itakushangaza. Baadhi ya priwekauti zina niasini, yaani vitamini B3, ile inayokufanya uso uwake, na ikiwa nyingi inapandisha sukari na vimeng'enya vya ini. Vitamini C ya kipimo kikubwa iache siku kadhaa kabla, inaficha damu na sukari kwenye kile kipimo cha mkojo cha kijiti, na kwenye baadhi ya vipimasukari vya kidole inasoma juu. Testosteroni pima asubuhi, kabla ya saa 4. Na ukifungwa ule mpira mkononi usikunje na kukunjua ngumi kama unaonyesha mshipa, potasiamu inapanda kwa ajili ya hiyo tu.

Wanaochoma sindano za testosteroni na steroidi nyingine, nanyi nisikilizeni. Karatasi inawasema hata mkikaa kimya. Hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, iko juu, HDL, ile kolesteroli nzuri, iko chini sana, LH na FSH, homoni zinazoamrisha korodani, karibu na sifuri, daktari anayejua anaona picha yote kwa dakika moja. Kumdanganya unampotezea muda na anaweza kukutafutia ugonjwa mwingine kwa hela yako. Hematokriti ikivuka 54 hata mgonjwa aliyeandikiwa testosteroni na daktari wake husimamishwa kwanza, kwa sababu damu nzito inaganda, na hiyo huitibu kwa kunywa maji mengi.

Siku ya kwenda piga picha nyuma ya kila kopo, lebo nzima, usiende na maelezo ya "natumia tu protini". Mwambie daktari kabla damu haijatolewa mara ya mwisho kunyanyua ilikuwa lini, unatumia nini na kiasi gani. Ukilazimika kurudia, rudia maabara ile ile, saa ile ile, baada ya wiki 2 kwa vimeng'enya vya ini na wiki 4 kama ulisimamisha kreatini. Na ikirudi bado iko juu baada ya kufanya yote hayo usihamie maabara ya tatu kutafuta jibu litakalokufurahisha, chukua karatasi zote mbili umuone daktari wa figo au wa ini.