Kabla hujampeleka hospitali ndugu yako mwenye ulemavu wa akili

Mdogo wangu ana miaka 26, ana ulemavu wa akili, maneno anayosema hayafiki kumi. Mwaka juzi alianza kujipiga makofi shavu la kulia, ugali hataki, usiku halali, tukampeleka hospitali, daktari akamwangalia kwa mbali akasema hawa ndivyo walivyo, akaandika dawa ya kumtuliza. Siku ya nne shavu likavimba, kumbe jino limeoza limetunga usaha. Siku zote hizo mtu ana maumivu na sisi tunamlaza kwa vidonge, iliniuma sana. Ndo maana nawaambia wenye ndugu kama wangu, jiandaeni akiwa mzima, akishaugua na wewe akili inakuruka.

Kikubwa kuliko vyote ni karatasi moja, mwandiko unaosomeka. Andika akiwa mzima yukoje, anakula nini, analala saa ngapi, anatembeaje, choo anapata mara ngapi kwa wiki (hili la choo lina umuhimu wake, wengi wao hufunga choo na hakuna anayeuliza mpaka tumbo liwe gumu), na akiumwa anafanyaje, wangu mimi anang'ata kiganja na kukaa kimya. Chini yake weka dawa na dozi, aleji, kifafa kama anacho. Piga na video fupi kwenye simu akiwa na furaha zake, ukimwonyesha daktari halafu ukamwambia huyu leo siye yule, atakuelewa haraka kuliko maelezo ya nusu saa.

Kama ana Down sindromu (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) sema wazi mapema, maana karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, tezi ya shingo nayo inaweza kuwa inafanya kazi kidogo, na shingo yenyewe kwa baadhi yao imelegea, kwa hiyo anayempa dawa ya usingizi kwenye opareshini lazima ajue kabla hajaipinda hiyo shingo. Mwenye kifafa usimkatishie dawa kwa sababu tu wamesema asile kitu asubuhi ya opareshini, uliza kwanza hiyo dawa anywe au asinywe.

Nendeni wawili. Mmoja wa foleni, kadi ya bima, maabara na dirisha la dawa, mwingine asitoke pembeni yake hata dakika moja. Beba chakula anachokijua, maji, khanga anayoizoea kuilalia. Mapokezi waambie mapema kwamba hawezi kukaa kwenye makelele kwa muda wa saa tatu, omba aonwe mapema au asubiri nje kwenye kivuli aitwe, usione aibu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 ipo na matibabu ni haki yake. Ukikwama muulizie afisa ustawi wa jamii, hospitali kubwa huwa wanaye, na hela ikiwa hakuna huyo huyo ndo wa kuongea naye habari za msamaha.

Nyumbani fanyeni mazoezi wiki moja kabla kama safari ina tarehe. Sisi tulikuwa tunamfunga kitambaa mkononi tunakaza kidogo tunaachia, tunahesabu moja mpaka tano, siku ya kutolewa damu akanyoosha mkono mwenyewe akaanza kuhesabu kwa sauti yake ile, nesi akamsubiri amalize ndo akachoma.

Akilazwa ongea na sista wa wodi siku hiyo hiyo, maana daktari akipita asubuhi ndugu wote hutolewa nje na huyu wako hawezi kujieleza, omba ruhusa ubaki. Daktari akikuuliza wewe, mgeukie mdogo wako na umuulize na yeye, hata akijibu kwa kichwa tu. Na siku ya kuruhusiwa usiondoke bila kuandikiwa dawa hii ni ya nini, ya siku ngapi, na dalili ipi ikitokea mrudi usiku huo huo.